Kibofu, Damu na Maji ya Ndani: Hotuba kwa Wanafunzi wa Sayansi, Chake Chake

(Maneno haya niliyasema Chake Chake, Pemba, mbele ya wanafunzi wa sekondari wanaosoma sayansi, wazee wao na wahudumu wa afya wa shehia. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Waheshimiwa masheha, walimu wenzangu, wazee wangu, na nyinyi wanangu ambao ndio mliotukusanya hapa: Assalaamu alaykum.

Nimetakiwa nizungumze juu ya mwili wa binaadamu, ulivyojengeka na unavyofanya kazi. Hili ni somo la miaka, si la asubuhi moja, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiruka mengi. Sitapita kichwani mpaka kwenye unyayo. Nimekuja na jambo moja tu ambalo nalipigania kila ninaposomesha: mwili hausomwi kwa orodha. Mwanafunzi anayehifadhi majina ya mifupa 206 bila ya kujiuliza kila kitu kimewekwa pale kwa kazi gani, atafaulu mtihani, na bado hatoweza kumwelezea mama yake kwa nini mdogo wake anakojoa damu.

Mtakutana na masomo mawili. Anatomia inaangalia umbo: kitu kiko wapi, kimejengwa na nini, kimepakana na nini. Fiziolojia inaangalia kazi. Skuli tunayatenganisha kwa sababu ya ratiba na vitabu, lakini mwilini hayajatengana hata mara moja. Chukueni seli nyekundu ya damu. Ni duara lililobonyea pande zote mbili, na haina kiini. Hilo ni umbo. Kwa nini iko hivyo? Kwa sababu imejazwa himoglobini ya kubeba oksijeni, na kiini kingekula nafasi. Ule ubonyevu unaipa eneo kubwa la kupokea na kutoa hewa, na unaiwezesha kujikunja ipite ndani ya mirija ambayo mingine ni myembamba kuliko upana wake. Gharama yake ni kwamba seli isiyo na kiini haiwezi kujitengeneza ikichakaa. Huishi kiasi cha siku 120, kisha wengu na ini huivunja, na uboho ndani ya mifupa unakuwa umeshatoa nyengine.

Na umbo likitazamwa vizuri, humwonesha mtu kazi hata kama hakuna aliyewahi kumwambia. Daktari Mgiriki Galen, ambaye vitabu vya Kiarabu vinamwita Jalinus, alisomesha kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikaingia upande wa kushoto kwa kupitia vitundu vidogo visivyoonekana katika ukuta uliopo kati. Watu wakalishika hilo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kisha akaja Ibn al-Nafis, mtu wa Damascus aliyefanya kazi yake Misri. Mwaka 1242 aliandika sherehe, yaani ufafanuzi, juu ya anatomia ya tabibu Ibn Sina, na humo akasema wazi: ukuta ule ni mnene, hauna tundu, la kuonekana wala lisiloonekana. Kama hauna tundu, damu ya kulia haina budi kwenda kwenye mapafu, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Aliisoma njia ya damu kutokana na ukuta. Miaka karibu 400 baadaye, mwaka 1628, William Harvey wa Uingereza akathibitisha kwamba damu yote ya mwili huzunguka, na mwaka 1661 Marcello Malpighi akaiona kwa hadubini mirija midogo kabisa, kapilari, ndani ya pafu la chura. Maandishi ya Ibn al-Nafis yalisahauliwa mpaka mwaka 1924, pale daktari wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, alipoyakuta katika maktaba mjini Berlin.

Nalitaja hili kwa makusudi. Nyinyi mmepita chuoni, kusoma Kurani, kabla ya kuingia skuli, na wengi wenu mnaiona sayansi kama mgeni aliyeshuka bandarini juzi. Si mgeni. Waliotangulia walikaa nayo, wakaihoji, wakamkosoa hata Jalinus. Nanyi mna haki ileile ya kuhoji.

Sasa mpangilio wenyewe. Mwili una daraja. Chini kabisa ni atomu na molekuli: maji, chumvi, protini, mafuta, sukari. Juu yake ni seli, na makadirio ya sasa ni kwamba mtu mzima ana seli kama trilioni 30, nyingi zao zikiwa ni hizo nyekundu za damu. Seli za aina moja zikishikana kwa kazi moja ni tishu. Tishu mbali mbali zikiungana ni ogani, yaani kiungo kamili kama moyo, ini au figo. Ogani zikishirikiana ni mfumo. Mifumo yote kwa pamoja ndiyo mtu. Hayo yamo katika kitabu chenu, na sitaki kuyarudia. Ninalotaka ni mzione daraja hizo zikifanya kazi ndani ya kitu kimoja.

Tukichukue kibofu cha mkojo. Nimekichagua kwa sababu sisi wa visiwa hivi tuna ugonjwa wetu unaokwenda kukaa pale.

Ukuta wa kibofu una zile aina nne za tishu mtakazoulizwa kwenye mtihani. Ndani kabisa kuna tishu ya epithelia, seli zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Kibofu kikiwa kitupu, seli hizo za juu huwa zimetuna. Kikijaa hujilaza na kuwa bapa, na wakati wote huzuia mkojo usivuje kurudi mwilini. Chini yake kuna tishu unganishi inayoshikilia kila kitu pahala pake na kupitisha mishipa ya damu. Kisha kuna msuli laini, ambao haungoji amri yako kama unavyongoja msuli wa mkono. Na kupita kote humo kuna tishu ya neva inayopeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo kwamba ukuta umeanza kuvutika. Hamu ya kwanza huja kikiwa na kiasi cha mililita 150 hadi 200, na mtu mzima huweza kustahamili mpaka 400 au 500. Kibofu chenyewe ni sehemu ya mfumo: figo mbili, mirija miwili inayoteremsha mkojo, kibofu, na njia ya kutokea nje.

Haya, sasa aingie mdudu. Kichocho cha Unguja na Pemba ni kile cha njia ya mkojo. Kinaanzia kwa konokono wa maji baridi, katika mito yetu, mabwawa na mabonde ya mpunga. Konokono hutoa vijidudu vidogo mno vyenye mkia, na mtoto anayeoga au mama anayefua, kijidudu humpenya ngozi katika muda wa dakika chache. Mkia hubaki nje. Kijidudu huingia kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hufika upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, hurudi upande wa kushoto. Ni njia ileile aliyoieleza Ibn al-Nafis. Kisha hufika kwenye ini, hukua, na dume na jike huungana: dume ni mpana, amejikunja na kufanya mfereji, na jike hukaa ndani yake. Wakishaungana husafiri mpaka kwenye vena zilizokizunguka kibofu, na wanaweza kuishi hapo kwa miaka.

Angalieni vizuri wanapokaa. Hawamo ndani ya mkojo. Wamo ndani ya damu, nyuma ya ukuta. Jike hutaga mayai kila siku, na kila yai lina mwiba nchani. Ili litoke nje, yai halina budi kupasua ukuta wa vena, lipite katika tishu unganishi, lipite katika msuli, lipasue epithelia, ndipo lidondoke kwenye mkojo. Ile damu mnayoiona, mara nyingi mwishoni mwa haja, ni jeraha la kila tabaka nililolitaja. Mama anayeuliza, "Figo za mwanangu zimeoza?" anastahiki jibu hilo: bado, mama, damu inatoka kwenye ukuta wa kibofu, na dawa ipo.

Lakini mayai mengi hayatoki. Hukwama ukutani, na hapo ndipo madhara makubwa yanapoanza. Seli za kinga huliona yai kuwa ni adui, hulizingira, hufanya kinundu, na baada ya muda kinundu hugeuka kovu. Tishu iliyoumbwa kuvutika inakuwa ngumu, na mtoto anakwenda haja mara kwa mara kwa sababu kibofu hakitanuki tena. Kovu likiwa pale mrija wa figo unapoingilia, mkojo hukosa njia, hurudi nyuma, na figo huvimba. Figo ikizidiwa, chumvi na maji ya mwili mzima huvurugika na shinikizo la damu hupanda. Na ule utando wa ndani ukijeruhiwa kwa miaka mingi unaweza kufanya saratani. Mmeona tulivyopanda? Yai moja ndani ya tishu, kisha ogani, kisha mfumo, kisha mtu mzima yuko kitandani.

Na kuna jambo nataka kulisema mbele ya wanaume waliomo humu. Mayai haya hukwama pia katika njia ya uzazi ya mwanamke, kwenye shingo ya fuko la uzazi na ukeni. Huleta kutoka damu, maumivu, na pengine utasa. Dalili zake hufanana na za magonjwa ya zinaa, na wako wanawake wanaoshutumiwa kwa jambo ambalo walilipata utotoni, wakiwa wanateka maji mtoni. Anayejua vena za kibofu ziko jirani na fuko la uzazi hawezi kuharakia kumtuhumu mtu. Anatomia inaweza kumsitiri mja.

Dawa ya praziquantel, ambayo watoto wetu wanapewa skuli na majumbani, inaua wadudu wakubwa. Haiui wale wachanga ambao bado wako njiani, na haiyayeyushi makovu ya zamani. Ndiyo maana hugaiwa tena na tena, na ndiyo maana mtoto atibiwe mapema, kwani ukuta wa kibofu cha mtoto hupona vizuri zaidi kuliko wa mtu mzima aliyekaa na ugonjwa miaka kumi.

Sasa mtaniuliza: mifumo yote hii, ya mkojo, ya damu, ya kupumua, ya chakula, ya neva, ya homoni, inamtumikia nani? Jibu lilitolewa katika karne ya 19 na Mfaransa Claude Bernard, na katika miaka ya 1920 Mmarekani Walter Cannon akalipa jina la homiostasisi, yaani hali ya ndani ya mwili kubaki ileile. Seli zetu haziishi hewani, zinaishi majini. Mtu wa kilo 70 ana kiasi cha lita 42 za maji. Lita 28 zimo ndani ya seli, na zilizobaki, kama 14, ziko nje yake, na kati ya hizo lita tatu tu ndizo maji ya damu. Hayo maji ya nje ya seli ndiyo mazingira yake. Yakizidi joto, chumvi, sukari au tindikali kwa kiasi kidogo tu, seli zinaanza kuteseka. Kila ogani mliyoisoma ina kazi yake ya kuyaweka maji hayo katika hali ileile.

Figo ndio walinzi wakubwa. Kila siku huchuja karibu lita 180, wakati damu yote ya mtu mzima haizidi sana lita tano. Maana yake maji yaleyale yanachujwa mara nyingi kutwa, na karibu yote hurudishwa. Kinachotoka ni lita moja au mbili za mkojo. Wavuvi wanalijua jambo ambalo figo hulieleza: ukikwama baharini usinywe maji ya bahari. Maji ya ndani ya mwili yana chumvi kama gramu 9 kwa lita. Bahari ina kiasi cha gramu 35. Figo ya binaadamu haina uwezo wa kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho, kwa hiyo kuitoa chumvi ya lita moja ya bahari kunagharimu maji zaidi ya ile lita uliyokunywa. Mtu hufa kwa kiu huku tumbo limejaa maji.

Ramadhani nayo ni darasa. Sukari yote iliyomo ndani ya damu yako sasa hivi ni kama gramu tano, kijiko kimoja cha chai. Ubongo unaitumia bila ya kupumzika. Sasa wewe umekula daku, na hutotia kitu mdomoni mpaka Magharibi. Mbona kile kijiko hakimaliziki ndani ya saa moja ukaanguka? Baada ya daku sukari ilipopanda, kongosho ilimwaga insulini, na ini pamoja na misuli ikaiweka akiba kwa umbo la glikojeni. Jua likipanda na sukari ikianza kushuka, kongosho ileile hupunguza insulini na kutoa glukagoni, na ini huifungua akiba yake, ambayo ni kiasi cha gramu 100. Ikipungua, mwili huanza kuyatumia mafuta, na ini hutengeneza sukari mpya kutokana na vitu vyengine. Wakati huohuo ubongo unatoa homoni inayoiambia figo ibane maji. Ndiyo sababu mkojo wa Alasiri ni mchache na rangi yake imekolea.

Sasa mfikirieni mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge. Dawa haijui kwamba leo ni funga. Itaendelea kuishusha sukari hata kama ini limeishiwa. Nakuombeni, mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani ampeleke kwa daktari kabla ya kuandama mwezi, si siku ya kumi. Sheria yetu imeshampa mgonjwa ruhusa yake.

Kwa vijana wanaopiga mbizi nina neno fupi, lakini lishikeni. Kinachokulazimisha uvute pumzi si uchache wa oksijeni bali ni wingi wa kaboni dayoksaidi, ambayo shina la ubongo linaipima kila wakati. Mtu akihema haraka haraka kabla ya kuzama, anaifukuza kaboni dayoksaidi lakini oksijeni haiongezeki kitu cha maana. Chini anajiona yuko sawa, hana hamu ya kupumua, na oksijeni inamwishia bila ya onyo. Anazimia majini. Msihemeheme kabla ya kuzama, na asizame mtu peke yake.

Nimalizie kwa suala alilonipa mzee mmoja hapa kabla hatujaanza, na ni suala zuri. Amesema: sisi tumezungukwa na bahari, samaki tunakula, iweje Pemba kuwe na rovu?

Mzee wangu, mbele ya koo, chini ya zoloto, kuna tezi ya thairoidi. Inatengeneza homoni inayoamua kasi ya kazi ya karibu kila seli, na kwa mtoto aliye tumboni ndiyo inayoukuza ubongo. Homoni hiyo haitengenezeki bila ya madini joto, yaani iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mama mjamzito 250. Yakikosekana, homoni hupungua, na ubongo, ambao unaipima kila saa, hutoa amri kupitia tezi ndogo iliyo chini yake: fanya kazi zaidi. Tezi ya shingo haina malighafi, lakini amri haikomi, basi inakua, inakua, mpaka inaonekana kwa macho. Rovu ni mwili unaojaribu kujirekebisha kwa kitu ambacho haujapewa.

Kuhusu bahari: uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa visiwa hivi ulionesha upungufu wa madini joto, na Pemba ilizidi Unguja. Samaki wanayo, lakini kiasi kinatofautiana sana, na familia nyingi hazipati samaki wa kutosha kila siku. Chumvi inayokaushwa juani kutoka maji ya bahari, ambayo Pemba inatengenezwa kwa wingi, hubaki na madini joto kidogo mno, lazima yaongezwe. Na muhogo, ambao ni chakula chetu, una vitu vinavyoizuia tezi kuyapokea hata hayo machache. Sikuambieni muache muhogo. Nunueni chumvi iliyotiwa madini joto, hasa kwa nyumba yenye mja mzito au mtoto anayenyonya. Iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, na itiwe chakula kikiwa kinakaribia kuiva, kwa sababu madini hayo hupotea kwa moto mrefu. Wenye maswali mengine nipo, na wauguzi wako kwenye meza ile pale kwa wanaotaka kupima sukari na shinikizo la damu.